Rafu Inayokomea Ziwani: Duka la Vitabu la Familia na Urithi wa Fasihi ya Kiswahili Hadi Kivu

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuchambua fani, maudhui na falsafa ya mwandishi. Ni nadra kwao kuchambua mahali ambapo kitabu hukutana na msomaji wake. Duka la vitabu huachiwa wanauchumi na maofisa wa biashara, kana kwamba kazi yake huanza baada ya fasihi kukamilika. Hata hivyo, muuza vitabu huamua mambo ambayo mhakiki huyakuta yamekwisha kuamuliwa. Yeye ndiye anayechagua kitabu kipi kikae mbele na kipi kikae nyuma, kipi kiagizwe tena baada ya nakala za mwisho kununuliwa, na kipi kiachwe kisahaulike. Mwanafunzi aingiapo dukani huikuta fasihi ya eneo lake imekwisha kupangwa, na aghalabu huamini kwamba alichokiona rafuni ndicho kilichoandikwa.

Makala haya yanakusudia kulisoma duka la vitabu kama matini. Mfano unaochunguzwa ni nyumba ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam pamoja na duka la TPH la Barabara ya Samora, ambalo historia yake imefungamana na kazi ya Walter Bgoya na, baadaye, ya mwanawe Mkuki Bgoya. Lakini swali lenyewe linaulizwa kutoka mbali na Samora. Linaulizwa kutoka Kalengera, kwenye barabara iendayo kaskazini kutoka Goma hadi Rutshuru, katika Jimbo la Kivu Kaskazini, ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya redio. Je, msomaji wa Kalengera akisimama mbele ya rafu iliyo bora kuliko nyingi katika Afrika Mashariki, atauona urithi wake humo?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba rafu hiyo, pamoja na sifa zake zote, bado inafuata mpaka uliochorwa mwaka 1930 na kamati ya kusanifisha lugha. Mpaka huo unakomea Ziwa Tanganyika, ilhali baadhi ya kazi za mwanzo kabisa za nathari ya Kiswahili zinasimulia mambo yaliyotendeka ng'ambo ya ziwa hilo.

2.0 Nyumba Kabla ya Duka

Si jambo geni kwa familia kuwa mtunzaji wa fasihi ya Kiswahili. Kabla ya mitambo ya kupiga chapa, tenzi zilihifadhiwa majumbani. Chuo cha Herkal, kinachojulikana pia kama Utendi wa Tambuka, kilitungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, nacho kimetufikia kwa sababu vizazi kadhaa vilikubali kazi ya kukinakili kwa mkono. Huko Lamu, Muhammad Kijuma alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati. Miswada aliyoiandika iliwafikia wataalamu wa Ulaya na hadi leo imo katika maktaba za huko.

Mfano wa Muyaka bin Haji unafundisha zaidi. Mshairi huyu wa Mombasa, aliyefariki 1840, hakuacha diwani. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi, tena mbali sana na Mombasa, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Baadaye, katika miaka ya 1960, J. W. T. Allen alizunguka pwani kukusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mingi kati ya miswada hiyo ilikuwa mikononi mwa familia.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba anayehifadhi huchagua. Nyumba haikunakili kila kitu. Ilinakili kile ilichokiona kuwa cha thamani katika dini, katika adabu au katika sifa ya ukoo. La pili ni kwamba fasihi isiyokuwa na mtunzaji wa karibu hupatikana, ikiwa itapatikana, kwa huruma ya mgeni, na huchapishwa mahali ambapo wenyewe hawawezi kuinunua. Mambo haya mawili yatarejewa makala yatakapofika Kongo.

3.0 Duka la Barabara ya Samora

Tanzania Publishing House, yaani TPH, iliundwa mwaka 1966 kama shirika la umma kwa ubia na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara aliyekuwa amefanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje, alishika uongozi wake mwaka 1972. Mwaka huohuo TPH ilishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London kuchapisha kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika. Kwa vitabu vya aina hiyo TPH ilijulikana ulimwenguni.

Kwa upande wa Kiswahili, orodha ya TPH ya miaka hiyo inastahili kukumbukwa kwa ukamilifu zaidi kuliko inavyokumbukwa. Ilikuwamo tamthilia ya Penina Muhando, Tambueni Haki Zetu (1973). Zilikuwamo riwaya mbili za Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), ambazo ziliingiza shamba la karafuu na gati la Unguja katika riwaya ya Kiswahili kwa macho ya mtumishi na hamali. Kilikuwamo kitabu cha Kahigi na Mulokozi, Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), kilichotoa hoja za kinadharia kwa upande wa wanamabadiliko katika mgogoro wa ushairi. Mtu aliyeingia katika duka la TPH enzi hizo aliikuta fasihi iliyokuwa ikibishana yenyewe kwa yenyewe.

Kisha ukaja ukame. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, EALB, lililoanzishwa mwaka 1948, lilisambaratika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. East African Publishing House ya Nairobi, iliyotoa Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) na Kichwamaji cha Kezilahabi (1974), nayo ilianguka katika miaka ya 1980. Nchini Tanzania fedha za kigeni za kununulia karatasi zilikosekana, na usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, Tanzania Elimu Supplies. Hapana budi kusisitiza kwamba vitabu vingi vya Kiswahili havikupotea kwa moto wala kwa kupigwa marufuku. Vilipotea kwa kutochapwa tena. Nakala zilizobaki zilichakaa mikononi mwa wanafunzi, na kizazi kilichofuata kikawasoma waandishi wakubwa kwa njia ya dondoo zilizomo katika vitabu vya uhakiki.

Ni katika hali hiyo ambapo Bgoya aliondoka TPH mwaka 1990, na mwaka 1991 Mkuki na Nyota ikaanza kazi kama nyumba huru ya uchapishaji. Duka la Samora nalo baadaye likawa chini ya nyumba hiyo. Bgoya alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa African Books Collective, umoja wa wachapishaji wa Kiafrika ulioundwa mwaka 1989 ili kuuza vitabu vyao Ulaya na Marekani. Mkuki Bgoya aliingia katika kazi ya baba yake akiwa na taaluma ya usanifu, na mkono wake unaonekana katika sura ya vitabu vyenyewe: majalada, herufi, na imani kwamba kitabu cha Kiswahili kinastahili kupendeza machoni kama kitabu chochote kingine.

Kazi iliyofanywa na nyumba hii kwa urithi wa Kiswahili inaweza kupimwa kwa mambo matatu. Kwanza, ilirejesha. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962 baada ya kuhangaika maisha yake yote na wachapishaji, hata akachapisha baadhi ya kazi zake mwenyewe, alirudi rafuni kwa matoleo mapya ya nyumba hii. Pili, iliendeleza. Adam Shafi, aliyechapishwa na TPH wakati wa ujamaa, alimpa Mkuki na Nyota riwaya ya Vuta n'kuvute mwaka 1999, na miaka 22 baadaye riwaya hiyo ikawa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Tatu, ilirudisha nyumbani. Mwaka mmoja baada ya Abdulrazak Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, nyumba hii ilitoa Peponi, tafsiri ya riwaya yake Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis.

Kwa hiyo rafu hii haikupangwa kwa bahati. Ni hoja iliyoendelezwa kwa zaidi ya miaka 30, inayosema kwamba fasihi ya Kiswahili ni moja tangu Shaaban Robert hadi Gurnah, na kwamba kitabu cha zamani kina haki ya kusomwa na kijana wa leo kwa bei ya leo. Hoja ya namna hiyo ni vigumu kuendelezwa na shirika linalobadilisha wakurugenzi kila baada ya miaka michache. Familia huweza kungoja. Huweza kuchapa kitabu ambacho kitachukua miaka kumi kurudisha gharama zake, kwa kuwa anayekichapa anatarajia kwamba mwanawe atakuwapo kukiuza.

4.0 Mpaka wa Mwaka 1930

Kila hoja ina mpaka wake. Mpaka wa hoja hii hauwezi kueleweka bila kurejea Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Kamati hiyo ilihusisha nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ndiyo iliyosimamia tahajia, ikapitisha vitabu vya shule, na hatimaye kuzaa taasisi ambayo wasomi waliijua kwa muda mrefu kama TUKI, na tangu mwaka 2009 kama TATAKI. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo.

Haikuwamo, lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika huko. Kilipelekwa na misafara ya karne ya 19 hadi Nyangwe na Kasongo, kikatumiwa na utawala wa Wabelgiji, kikafundishwa na misheni, na kikawa lugha ya wachimbaji wa shaba wa Katanga. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameonyesha jinsi wakoloni walivyokitwaa Kiswahili cha Kongo na kukiandikia sarufi na misamiati kwa mahitaji yao wenyewe. Kule mashariki lugha ilisanifiwa kwa ajili ya shule na vitabu. Huku magharibi ilipangwa zaidi kwa ajili ya amri na kazi, na elimu ya juu ikaachiwa Kifaransa. Machapisho mengi ya Kiswahili yaliyomfikia mtu wa Kivu yalikuwa ya dini: Maandiko, katekisimu na vitabu vya nyimbo.

Mpaka huo wa kitaasisi ulidumu hata baada ya ukoloni. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mkataba, basi, msomaji wa Goma sasa yumo ndani ya nyumba moja na msomaji wa Dar es Salaam. Katika rafu bado yumo nje.

5.0 Kongo Katika Matini Tatu

Ili kuonyesha kwamba suala hili ni la kifasihi na si la ramani tu, makala haya yanachukua matini tatu zinazoihusu Kongo.

5.1 Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi

Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kwa ombi la Heinrich Brode, ambaye aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Toleo lililowafikia wasomi wengi wa Afrika Mashariki ni lile la Whiteley, lililotolewa kwanza mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili. Kazi hii huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika Kiswahili, na sehemu kubwa ya matukio yake hutendeka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mtindo wake ni mkavu. Msimulizi huhesabu frasila za pembe za ndovu kwa umakini uleule anaohesabu vita. Tukio linalostahili kuchunguzwa zaidi ni lile la Utetera. Baada ya kusikia habari za mabinti wa ukoo wa kifalme waliotekwa zamani, msimulizi anajitokeza kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, na kudai kwamba mmoja wa mabinti hao alikuwa bibi yake. Mzee anamsadiki na kumwachia utawala. Msimulizi haoni haya kueleza jinsi alivyoitumia hadithi hiyo.

Wanahistoria wamelisoma tukio hili kama hila ya mfanyabiashara. Mhakiki wa fasihi anaweza kuliona kama kielelezo cha uhusiano mzima wa pwani na bara: mgeni anadai nasaba ili apate urithi. Mtetera aliyekuwa akirithiwa hakuandika. Habari zake zimebaki katika maandishi ya mrithi wake wa uongo.

5.2 Vocabulaire de ville de Elisabethville

Matini ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, André Yav alikusanya na kuandika kwa mashine kijitabu kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ingawa jina lake ni la Kifaransa na linadai kuwa kamusi, kijitabu hicho ni historia ya mji, iliyosimuliwa kwa Kiswahili cha Katanga na watu waliopika, waliofua na waliolala katika vibanda vya uani. Msimulizi ni kundi. Wazungu wanatajwa kwa majina waliyopewa na watumishi wao, na mateso ya kazini yanasimuliwa bila kuomba huruma.

Fabian alikichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tahajia yake haifuati kanuni yoyote ya shule, na maneno hayakutenganishwa kama msomaji wa leo anavyotarajia. Ili maana ipatikane, ilibidi Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, akisome kwa sauti. Jambo hili lisichukuliwe kuwa kasoro ya kijitabu. Mtu anayejua tenzi za Lamu anafahamu vyema kwamba hati za Kiarabu zilizoandikwa bila irabu za kutosha nazo zilidai msomaji aliyekwisha kulisikia shairi. Kati ya mswada wa Pate na kijitabu cha Lubumbashi kuna udugu wa namna ya kusoma, ambao uhakiki wa Kiswahili haujaushughulikia ipasavyo.

Hatima ya kijitabu hiki inafanana pia na ya diwani ya Muyaka: kilitunzwa na mgeni na kikachapishwa Ulaya. Mwanafunzi wa Goma anayekitaka hukitafuta katika toleo la kitaaluma la nje, ingawa lugha yake iko karibu na ile inayosemwa nyumbani kwao kuliko Kiswahili cha kitabu chochote cha Shaaban Robert.

5.3 Peponi

Matini ya tatu imo rafuni. Katika riwaya ya Gurnah, kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anafuatana na msafara wa tajiri Aziz kwenda bara. Msafara unavuka ziwa na kufika kwa Chatu, mtawala anayewapokonya mali zao kwa kuwa mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu. Riwaya hii inazungumza na maandishi ya Kiswahili yaliyoitangulia, yakiwamo masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Velten mwaka 1901. Kwa hiyo tafsiri ya Hadjivayanis inarudisha kwa Kiswahili hadithi ambayo baadhi ya mizizi yake ilikuwa ya Kiswahili tangu awali.

Gurnah amefanya jambo ambalo Murjebi hakulifanya: amempa Chatu nafasi ya kutoa hoja. Dhuluma ya biashara inatamkwa na aliyedhulumiwa. Lakini hata hapa maneno ya Chatu yanamfikia msomaji kupitia mkalimani Nyundo, na macho yanayomtazama ni ya Yusuf, mgeni aliyekuja na msafara. Gurnah ni mwaminifu kwa mpaka huo. Hajifanyi kujua kilichosemwa usiku mjini kwa Chatu baada ya wageni kulala. Suala, basi, haliko kwa mwandishi. Liko rafuni, ambako Peponi inasimama bila kuwa na jirani aliyeandika kutoka upande wa Chatu. Msomaji wa Kalengera akikinunua kitabu hiki atapata riwaya nzuri iliyofasiriwa vizuri, na ndani yake ataiona nchi ya ng'ambo ya ziwa kama inavyoonekana kutoka kwenye mashua inayokaribia.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza itahusu lugha. Itasemwa kwamba duka linalouza Kiswahili sanifu haliwezi kuweka vitabu ambamo watu ni "batu", vitabu ni "bitabu" na mtu husema "niko na" badala ya "nina". Pingamizi hii ingekuwa na nguvu zaidi kama rafu yenyewe ingekuwa na lugha moja. Haina. Wahusika wa Adam Shafi wanazungumza kwa lahaja ya Unguja, na jina lenyewe la Vuta n'kuvute linabeba matamshi ya huko. Kezilahabi alilaumiwa na baadhi ya wasomaji kwa Kiswahili chake cha bara, na leo hakuna anayeandika historia ya riwaya bila yeye. Tenzi za kaskazini huchapishwa kwa Kiamu na kuwekewa maelezo. Ikiwa mhariri anaweza kumweleza mwanafunzi wa Dodoma maana ya neno la Kiamu la karne ya 18, hashindwi kumweleza maana ya neno la Kikatanga la mwaka 1965. Lahaja za pwani zimepewa heshima ya ukale, na lahaja za Kongo zimepewa aibu ya makosa. Tofauti hiyo ni ya kihistoria. Ilitokana na nani alikaa mezani mwaka 1930.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu soko. Duka la familia halina ruzuku. Likikosea kuagiza vitabu mara tatu mfululizo, mishahara hailipwi. Ni haki gani basi kulitaka libebe urithi wa nchi nyingine, ambayo wasomaji wake wako mbali na barabara zake hazina usalama? Hali ya Kivu si ya kufikirika. Mlima Nyiragongo uliumwagia mji wa Goma lava tarehe 17 Januari 2002 na ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Barabara ya Goma kwenda Rutshuru, inayopita Kalengera na ambayo tawi lake hufika Bunagana mpakani mwa Uganda, imekuwa uwanja wa vita mara nyingi. Bunagana ilitekwa na kundi la M23 mwezi Juni 2022, na Goma yenyewe Januari 2025. Watu waliohama wakiwa na godoro na sufuria kichwani hawawezi kulaumiwa kwa kutobeba vitabu.

Pingamizi hii haiwezi kujibiwa kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba mzigo huu si wa familia moja. Lakini inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1991 nako hakukuwa na soko la kuridhisha la Shaaban Robert wala la Adam Shafi. Soko hilo lilitengenezwa na mtu aliyekataa kuamini kwamba kitabu kisichoulizwa ni kitabu kisichohitajika. Fauka ya hayo, vita vinayafanya mambo yaliyoelezwa hapa kuwa ya haraka zaidi. Nyumba ya Lamu ilitunza mswada kwa vizazi kadhaa kwa sababu nyumba yenyewe ilisimama. Katika Kivu nyumba haina hakika ya kusimama, na kilichoandikwa katika daftari, kilichorekodiwa au kilichoghaniwa, kama vile mashairi ya vijana wa Goma Slam Session yanayotumia Kifaransa na Kiswahili, kinahitaji kuwa na nakala mahali pengine. Ikiwa familia haiwezi kutunza mahali ilipo, rafu ya mbali ndiyo inayobaki kuwa nyumba.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamelisoma duka la vitabu la familia kama kazi ya uhakiki, na yameona kwamba rafu ya Samora ni mojawapo ya hoja madhubuti zilizowahi kutolewa kuhusu umoja wa fasihi ya Kiswahili. Imewarudisha waliosahauliwa na kuwaunganisha waliotenganishwa na miongo. Imefanya hivyo bila bajeti ya serikali, kwa subira ambayo ni vigumu kuipata nje ya familia. Uhakiki uliotolewa hapa unatokana na heshima hiyo, kwani duka lisilo na hoja halina haja ya kukosolewa.

Kinachohitajika kinaweza kutajwa kwa ufupi. Kijitabu cha Yav kinastahili toleo la bei nafuu, lenye maandishi ya awali upande mmoja na tahajia ya kisasa upande wa pili, pamoja na maelezo ya Kiswahili badala ya Kiingereza. Maisha ya Murjebi yanastahili kusomwa pamoja nacho, katika somo moja, ili mwanafunzi amsikie mwenye msafara na mtumishi wa nyumbani wakizungumza juu ya Kongo kwa lugha moja. Michezo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, iliyoandikwa na kuchambuliwa na Schicho na Ndala mwaka 1981, inastahili nafasi katika kozi za tamthilia. Kazi hizi haziwezi kuachiwa muuza vitabu peke yake. Idara za Kiswahili ndizo zinazopanga mitaala, na mtaala ndio unaomhakikishia muuza vitabu kwamba nakala mia tano zitapata wanunuzi.

Kasongo Rushie alimkabidhi utawala mgeni aliyejua kusimulia nasaba. Zaidi ya karne moja baadaye, Kiswahili cha Dar es Salaam na cha Goma kimekuwa na nasaba ya kweli, inayothibitishwa na mkataba, na soko na midomo ya watu. Nasaba hiyo inadai kwamba kila upande urithi kutoka kwa mwenziwe. Hadi sasa msomaji wa Kalengera ameombwa kuurithi urithi wa pwani, naye ameupokea. Zamu ya rafu ya Samora kupokea kutoka kwake bado haijafika, na Idara za Kiswahili zina uwezo wa kuiharakisha kuanzia mtaala wa mwaka ujao.